Reli ya Uwanja wa Ndege, au Treni ya Changamwe?

Mkaazi wa Kizingo, kisiwani Mombasa, mwenye ndege ya saa kumi na mbili jioni hutoka kwake saa tisa. Masafa hayafiki kilomita 15, lakini lazima avuke daraja la Makupa, kisha ashindanie njia na matrela ya bandarini hadi Changamwe. Hapo dereva wa teksi huzima injini, na abiria akabaki kutazama saa. Basi ndiyo maana watu wanadai reli hadi uwanja wa ndege wa Moi.

Kero naijua, lakini dawa hiyo siikubali. Mtalii anayeshuka Moi mara nyingi haji kisiwani. Anakwenda Diani, Bamburi au Watamu, na gari la hoteli linamsubiri nje. Wa Diani sasa hata feri ya Likoni haimhusu, ana barabara ya Dongo Kundu. Reli hiyo itambeba nani, zaidi ya sisi wachache wa mjini? Na reli ya wachache Mombasa imeshaiona: mpaka miaka ya 1920 vigari vilipita hapa kisiwani juu ya reli nyembamba, vikisukumwa na Waafrika kwa miguu, na njia nyingine zikiingia hadi kwenye nyumba za maafisa wa Kiingereza.

Treni hushiba kwa watu wa kila siku. Gautrain ya Johannesburg ilianza 2010 kwa kufika uwanja wa OR Tambo, lakini njia yake ya Pretoria ndiyo inayobeba wafanyakazi asubuhi na jioni. Wetu wako Miritini, Jomvu, Mikindani na Changamwe. Alfajiri wamejaa vituoni, na mvua ikinyesha tu nauli ya matatu inapanda. Reli ya zamani, iliyoanza kujengwa 1896, inapita upande wao na kuvuka Makupa hadi stesheni ya kisiwani. Wapewe treni za kutosha, saa zinazojulikana, nauli wanayoimudu.

Anayekwenda kupanda ndege atashuka nao Changamwe. Pale alikute basi la uwanjani, linaloondoka treni inapofika, lisilongoja kujaa.

Hili la basi nalisisitiza kwa sababu ya yaliyotokea Miritini, kilipo kituo cha SGR, reli mpya ya Nairobi. SGR ilipofunguliwa 2017, nauli ya daraja la kawaida kutoka Nairobi ilikuwa shilingi 700, na teksi ya kumfikisha abiria mjini iliweza kuizidi. Mama ameshuka usiku, mtoto mgongoni, mabegi mawili, anaanza kupatana bei gizani. Mabilioni yalitumika, na kipande cha mwisho kikaachwa kwa bahati yake.

Barabara ya kutoka Miritini kwenda uwanja wa ndege ilifunguliwa 2018, kwa hivyo hata kwa basi la kutoka huko lami ipo. Shirika la Reli na Serikali ya Kaunti wakae meza moja, watangaze saa za treni na za basi pamoja, kabla hatujaambiwa habari ya mkopo mwingine wa reli.