Saa ya Ubundu na Saa ya Kisangani

Kati ya Ubundu na Kisangani, Mto Kongo huporomoka mara saba. Mteremko wote ni kama mita 60 tu, lakini ulitosha kulazimisha reli ijengwe kuyakwepa maporomoko ya Boyoma. Wavuvi Wagenia, wanaotega migono yao mikubwa kwenye poromoko la mwisho, wanayafahamu maji hayo tangu enzi za mababu.

Mteremko huo una jambo jingine, lisiloonekana kwa macho. Saa mbili sahihi kabisa zikiachwa mwaka mzima, moja Ubundu na nyingine Kisangani, ile ya Ubundu, iliyo juu zaidi, itatangulia kwa takriban sehemu 2 za milioni 10 za sekunde. Ndivyo Einstein alivyofundisha: kadiri unavyoshuka, ndivyo wakati unavyopita polepole. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani anaweza kuipata hesabu hiyo kwa kalamu: azidishe kimo kwa mchapuko wa uvutano, agawe kwa mraba wa kasi ya mwanga, kisha azidishe kwa sekunde za mwaka mzima.

Tofauti ndogo kama hiyo inagusa swali zito la fizikia ya kwanta. Kwa nini elektroni hupita njia mbili kwa pamoja, na mtumbwi haupiti?

Jibu la kawaida ni mazingira. Hewa na mwanga huugonga mtumbwi bila kukoma, na kila mgongano huondoka na habari ya mahali ulipo. Mawimbi ya njia mbili hupoteza ulinganifu wao. Hiyo ndiyo dikoherensi. Lakini hewa huweza kunyonywa, na mwanga kuzibwa. Uvutano hauzibwi na ukuta wowote.

Mwaka 2015 mwanafizikia Igor Pikovski na wenzake waliwaza hivi: atomi za kitu chenye joto hutikisika, na mitikisiko hiyo ni saa. Kitu kikiwa katika vimo viwili kwa pamoja, saa zake za ndani hutofautiana, kama za Ubundu na Kisangani, na tofauti hiyo huifichua njia. Kwa kitu cha gramu moja hivi, chenye vimo vilivyopishana kwa sehemu ya milioni ya mita, sehemu ya elfu ya sekunde yatosha. Wapo wanafizikia walioipinga hoja hiyo. Hata hivyo nguvu yake ni kwamba haidai kanuni mpya.

Wanafizikia Lajos Diósi na Roger Penrose wao wanaidai: uvutano wenyewe huivunja hali ya njia mbili, na ya kitu kizito huvunjika upesi zaidi. Katika toleo moja la wazo hilo, chembe zenye chaji zingetoa mnururisho hafifu. Watafiti waliutafuta chini ya mlima Gran Sasso, Italia, na mwaka 2020 wakatangaza kuwa uliopatikana ni mdogo kuliko linavyotaka toleo rahisi kabisa. Toleo hilo limeanguka, mengine yamesimama.

Mwaka 2019, huko Vienna, molekuli zenye karibu atomi 2,000 zilionyesha mawimbi ya njia nyingi. Lakini gramu ya Pikovski, hakuna jaribio lililokwisha kuifikia.