Tuachieni mchana wa Alhamisi

Maneno ya kikundi cha washonaji wazee mbele ya mkutano wa chama, Musumba



Tumeombwa kueleza kazi yetu ya kuunganisha vipande vya vitenge mpaka viwe blanketi. Tumeombwa pia kujibu ulizo moja linalorudi kila mkutano: "Mutauzisha bei gani?" Tutaanza na kazi yenyewe, kisha tutajibu.

Mnatujua. Wamoja kati yetu walikimbilia Angola mwaka 1977, wakati vita ya siku 80 ilipopita hapa Kapanga. Wamoja walirudi kutoka kambi ya Meheba, kule Zambia. Wengine walitumika Kolwezi katika shaba mpaka nguvu zikaisha, njo wakarudi nyumbani. Wote tumelima, tumetwanga muhogo, tumebeba mizigo. Kazi ya lazima tunaijua sana. Kazi ya kufurahia tu, hiyo tunajifunza sasa, na mvi kichwani.

Vipande tunapewa na mafundi wa kushona. Kwao vilikuwa vya kutupa. Kwanza tunavifua, juu kitenge kipya kinaweza kupunguka na kuchuja rangi. Ukikishona bila kukifua, siku ya kufua blanketi litajikunja, na nyekundu itaingia ndani ya nyeupe. Kisha tunachagua kwa uzito: kitenge na kitenge, jinzi na jinzi, maana kitambaa kizito kinachana chepesi. Tunatandika kitambaa cha chini, juu yake blanketi kuukuu, na juu kabisa vipande. Tunakunja ukingo wa kila kipande na kupitisha sindano katika tabaka zote tatu. Tunaanza pembeni, tunazunguka polepole mpaka katikati. Hakuna mashine, hakuna umeme.

Njia hii ni ya Wasidi wa Karnataka, kule India. Ni watu wenye asili ya Afrika; wahenga wao walivushwa bahari zamani, wengi wakiwa watumwa. Bamama wao wanashona blanketi zinazoitwa kawandi kwa nguo zilizochakaa, na mara nyingi mzee anamshonea mjukuu wake. Katika pembe nne wanaweka vipande vidogo vilivyokunjwa, wanaviita maua. Blanketi lisilo na maua, kwao liko uchi. Sisi pia tunaweka maua yetu.

Na tusiende mbali. Wakuba wa Kasai, kule kaskazini, mwanaume anafuma kitambaa cha rafia, mwanamke anakipamba. Kitambaa kinatwangwa ili kilainike, na kikipata tundu linawekwa kiraka, kiraka kinageuka pambo. Kwa hiyo anayesema viraka ni alama ya umaskini, tumwambie aangalie vizuri.

Sasa, furaha iko wapi? Iko katika kuchagua. Papa mmoja aliyetumika na mashine kubwa maisha yake yote, leo anabishana na sisi nusu saa nzima juu ya njano na bluu, na mara nyingi anashinda. Mama mwingine mikono inamtetemeka. Mshono wake unakwenda kama njia ya nyoka, na tunausifu, juu unashika. Tunaongea Kiruund, Kiswahili, na Kireno cha Angola kinaingia katikati. Mambo ya kukimbia, ambayo batoto wetu hawajayasikia bado, yanatoka yenyewe wakati macho yako kwenye sindano.

Sasa bei. Ndugu wamoja wa komite wanasema tuuzishe ili tusaidie sanduku la wagonjwa. Wana nia njema. Fomu za wafadhili nazo zina mstari wa mapato. Jibu letu ni hili. Blanketi moja la kitanda linatuchukua miezi. Tukihesabu masaa, hakuna mtu hapa atakayeweza kulinunua. Tukishusha bei mpaka ilingane na blanketi za sokoni, tutakuwa tunajilipisha sisi wenyewe. Na mnunuzi atataka mshono ulionyooka na kazi ya haraka. Wa kwanza kutoka kikundini atakuwa yule mama wa mikono inayotetemeka. Na huyo njo anayehitaji kuja kuliko sisi wote.

Sanduku la wagonjwa hatulikimbii. Franga zetu za kila mwezi tunatoa kama wanachama wote, na likelemba tunacheza. Blanketi likiisha, aliyelishona ndiye anayeamua: alitumie Juni na Julai usiku wa baridi unapouma, ao ampe mjukuu.

Wazee wa hapa wanatusimulia habari ya Nkonde. Alikuwa amekaa anasuka mkeka, na kando yake chombo cha maji ya kulowekea nyuzi, maji yaliyogeuka meupe. Vijana wake walikuja, wakadhani ni pombe ya mawese. Wakamshutumu na kumpiga. Ruwej, binti yake, alimtunza, na rukan, kikuku cha utawala, kikaenda kwa Ruwej. Kila mtoto wa Musumba anajua habari hii. Sisi tunasikia ndani yake neno moja zaidi: mzee akiwa na kazi mikononi, usiharakishe kusema anapoteza kitu. Karibia kwanza, uangalie ni maji ao ni pombe.

Kwa wafadhili tunaomba vitu vitatu: sindano zenye tundu kubwa, uzi wa nguvu, na miwani ya kusomea. Kwenye mstari wa mapato, mturuhusu kuandika "hakuna" bila kikundi kufungwa. Mkitaka hesabu, hesabuni wanaokuja, na kwa muda gani wameendelea kuja.

Kwa wanachama: ni Alhamisi, saa nane ya mchana, chini ya mwembe. Mlete vipande, hata vidogo. Bapapa pia wanakaribishwa. Asiyejua kushona, aje hivyo hivyo. Hata sisi tulianza bila kujua.