Saa Zako Zinakwenda Wapi?

Msikilizaji, leo tuanzie Kaptagat, nyanda za juu za Kenya, kwenye kambi anakofanyia mazoezi mkimbiaji Eliud Kipchoge. Mwaka 2003 alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 5000 jijini Paris. Mwaka 2012 akakosa nafasi katika timu ya Kenya iliyokwenda Olimpiki ya London. Wengi wangeng'ang'ania mbio zilezile. Yeye alihamia mbio za barabarani, na mwaka 2013 akashinda marathoni yake ya kwanza, kule Hamburg. Pumzi na uvumilivu vilikuwa vilevile. Alibadilisha mahali pa kuvitumia.

Kipaji tu kisingemfikisha mbali. Kipchoge huandika mazoezi yake kwenye daftari. Na kambini, bingwa huyohuyo hushika zamu ya usafi, choo kikiwemo. Hapo wengi wetu tungetafuta udhuru!

Sasa wewe mama lishe, wewe fundi seremala, chukua daftari la mtoto lililobakiza kurasa. Kwa wiki moja, kila jioni andika: saa zangu zimekwenda wapi, na ni kazi gani watu wamenisifia bila kuombwa? Hilo la pili usilipuuze. Mara nyingi jirani huona uwezo wako kabla hujauona mwenyewe. Kazi hiyo unayosifiwa itengee saa ambayo akili haijachoka, hata kama ni nusu saa kabla ya kuwasha jiko, na simu iache chumbani.

Baada ya taarifa ya habari tutapokea simu zenu.