Nani apeleke watu angani: serikali au makampuni?

(Mazungumzo mbele ya wanakisomo)



Leo nataka tuzungumze habari za roketi. Najua wengine watacheka. Watasema, "Shida yetu ni mvua na mbolea, huyu anatuletea habari za mbinguni!" Ngojeni kidogo. Utabiri wa mvua mnaousikia redioni husaidiwa na picha za setilaiti. Setilaiti ni chombo kinachozunguka dunia huko juu sana. Haiendi juu yenyewe. Hubebwa na roketi. Basi, swali la nani mwenye roketi linatuhusu hata sisi wenye majembe.

Mwanzoni kazi hii ilikuwa ya serikali. Mwaka 1957 Urusi ya wakati ule, yaani Muungano wa Sovieti, ilirusha setilaiti ya kwanza. Tarehe 12 Aprili 1961 ikampeleka Yuri Gagarin, mtu wa kwanza kufika angani. Marekani nayo iliunda shirika la serikali liitwalo NASA mwaka 1958. Julai 1969 watu wake wakatua mwezini. Hakuna mfanyabiashara ambaye angeianza kazi ile kwa fedha zake. Gharama ilikuwa kubwa, hatari kubwa, na soko halikuwepo.

Lakini msidhani serikali ilichonga roketi kwa mikono yake. Hata wakati ule makampuni ndiyo yaliyotengeneza. Chombo kilichotua mwezini kilitengenezwa na kampuni ya Grumman. Tofauti ya zamani na sasa iko katika mapatano ya malipo.

Hebu tuseme kijiji kinataka kisima. Kuna njia mbili za kumlipa fundi. Njia ya kwanza ni kumwambia, "Chimba. Gharama zote tutalipa sisi, na faida yako tutakuongezea." Fundi huyu hana haraka. Akikuta mwamba, gharama ni yetu. Akichelewa mwaka mzima, bado analipwa. Lakini kisima ni chetu, na kila hatua tunaiona.

Njia ya pili ni kumwambia, "Tunataka maji. Bei ni hii. Ukikuta mwamba, shauri yako." Fundi huyu atakwenda mbio, maana kila siku anayochelewa anakula fedha yake mwenyewe. Lakini tusipomwangalia, atapunguza saruji.

Haya, turudi Marekani. Kwa miaka mingi NASA ilitumia zaidi njia ya kwanza. Kuanzia mwaka 1981 hadi 2011 ilirusha vyombo vyake vyenye mabawa mara 135. Viwili viliangamia, Challenger mwaka 1986 na Columbia mwaka 2003. Kila kimoja kiliua watu 7. Vilipostaafishwa mwaka 2011, taifa lililofika mwezini likabaki bila chombo chake cha kubeba watu. Likawa linawalipa Warusi nauli mpaka mwaka 2020.

Wakati huo njia ya pili ilikuwa imekwisha kuanza. Elon Musk alianzisha kampuni ya SpaceX mwaka 2002. Roketi zake tatu za kwanza zilishindwa. Fedha zikakaribia kwisha. Ya nne ikafaulu Septemba 2008. Desemba mwaka huo huo NASA ikampa mkataba wa dola bilioni 1.6 kupeleka mizigo mara 12 kwenye kituo cha kimataifa kilichoko angani. Mwaka 2012 mzigo ukafika. Desemba 2015 sehemu kubwa ya roketi yake ilirudi ikatua wima, na mwaka 2017 kampuni ikarusha tena sehemu ya namna hiyo iliyokwisha kutumika. Zamani roketi ilitupwa baada ya safari moja. Ni kama kulitupa basi kila linapofika mjini! Mei 2020 SpaceX ikabeba watu.

Sasa linganisheni. NASA iliendelea pia kujenga roketi kubwa ya mwezini kwa njia ya kwanza. Iliruka vizuri Novemba 2022, lakini ilikuwa imechelewa miaka mingi. Mkaguzi wa NASA alisema mwaka huo huo kuwa kila safari ya mwanzo ingekula dola bilioni 4.1.

Naona wengine mnatikisa vichwa. Mnasema, basi makampuni yameshinda. Hapana, ndugu zangu. Tusikilize upande wa pili.

Mwaka 2014 NASA ilichagua makampuni mawili kubeba watu. Boeing ilipewa mkataba wa dola bilioni 4.2, na SpaceX dola bilioni 2.6. Juni 2024 Boeing ikabeba watu wawili kwa safari ya siku nane hivi. Njiani gesi ikavuja, na injini ndogo za kuongozea chombo zikasumbua. Kampuni ilisema chombo kinafaa kuwarudisha. NASA ikakataa. Chombo kikarudi kitupu. Wale wawili wakakaa angani hadi Machi 2025, wakarudi na chombo cha SpaceX.

Kwa nini NASA ilikataa? Ilikuwa na kovu. Usiku wa kuamkia safari ya Challenger, mainjinia wa kampuni iliyotengeneza roketi zake za pembeni walionya kwamba baridi itaharibu mipira ya kuzibia. Wakubwa wa kampuni na wa serikali hawakuwasikiliza. Watu 7 wakafa. Safari hii serikali ilisikiliza. Na kwa kuwa magari yalikuwa mawili, iliweza kusema hapana.

Gari likiwa moja je? Juni 2025 Musk aligombana hadharani na Rais Donald Trump. Katika hasira akatamka kwamba ataliondoa kazini lile chombo lake. Wakati huo ndicho chombo pekee cha Marekani kilichokuwa kikipeleka watu kwenye kituo. Baada ya saa chache akayafuta maneno yake. Lakini fikirini! Kazi ya taifa zima ilining'inia kwenye ulimi wa mtu mmoja.

Jambo jingine: kampuni hufuata nauli. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, roketi iliruka kutoka jukwaa la Waitalia baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru, ili kupima miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Nani angelipa nauli kwa kazi kama hiyo isipokuwa serikali? Aprili 2023 Kenya ilirusha setilaiti yake, Taifa-1, ya kupiga picha za ardhi na mashamba. Safari hii ilipanda roketi ya SpaceX huko California, kama abiria aliyekata tikiti.

Kwa hiyo mimi nasema hivi. Serikali ifyeke msitu ambao hakuna mfanyabiashara atakayethubutu kuufyeka. Njia ikishafunguka, kampuni iendeshe gari, kwa bei iliyopatanwa. Lakini serikali isiuze macho yake, na isikubali kubaki na gari moja tu. Hata sisi tukimpa mtu kisima chetu, au mashine ya kusaga, tukumbuke hayo.

Sasa tuzungumze:

1. Fundi wa kisima tumlipe kwa njia gani? Kwa nini?
2. Nani atamkagua kazi yake?
3. Hapa kijijini, ni huduma gani iko mikononi mwa mtu mmoja tu? Akikasirika, tutafanyaje?