JIRANI ANGALI HAI

(Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kakamega)



Nimeagizwa niseme machache juu ya imani ya Kikristo na jirani aliye katika shida. Sitahubiri, maana wahubiri tunao wa kutosha, na baadhi yao wameketi mstari wa mbele. Mimi ni karani, na karani husema aliyoyaona katika daftari.

Katika daftari zetu michango ya matanga imejaza kurasa nyingi: hema, viti, vipaza sauti, gari la maiti, ng'ombe wa kuwalisha waombolezaji. Michango ya mgonjwa aliye hai ni mistari michache. Mtu aliyekosa nauli ya bodaboda ya kumfikisha hospitali hurudishwa kwake kwa msafara wa magari. Sisemi tuache kuzika watu wetu kwa heshima. Kuzikana ni wajibu, na wazee wanalijua hilo kuliko mimi. Nasema tu kwamba marehemu hawezi tena kuusifu uzuri wa hema letu.

Yule mtu wa njia ya Yeriko, katika mfano wa Bwana Yesu, alikuwa bado ana pumzi. Msamaria alimtia mafuta na divai, akampandisha juu ya mnyama wake, kisha akamwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, na ahadi ya kulipa zaidi atakaporudi. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa kutwa. Kwangu mimi ahadi ile ina uzito kuliko mafuta na divai, kwa kuwa huruma ya siku moja ni nyepesi, bali deni la kesho humjaribu mtu.

Jambo hili si geni kwetu. Wamisioni wa Friends walifika Kaimosi mwaka 1902, na mwaka uliofuata akaja daktari, Elisha Blackburn. Tena mwaka 1923, Arkidikoni W. E. Owen alipoliongoza kundi la Young Kavirondo Association likawa Chama cha Ustawi wa Walipa Kodi wa Kavirondo, wanachama walihimizwa kuchimba vyoo, kuua panya na kupanda miti. Wako waliolalamika kwamba siasa imepoozwa kwa habari za vyoo, na labda walikuwa na haki. Hata hivyo panya huleta tauni, na choo cha mmoja humkinga jirani ambaye hajatoa ada.

Sasa nije kwenye fedha. Bima ya hospitali ya taifa iliyoanza mwaka 1966 iliondoka mwaka 2024, na mahali pake ikaja Mamlaka ya Afya ya Jamii. Jamaa isiyo na mshahara hulipa kwa kadiri ya pato lake, wala si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, yaani shilingi 3,600 kwa mwaka. Kila mmoja wetu anajua bei ya ng'ombe sokoni. Na aigawe kwa 3,600, aone ni wajane wangapi.

Kwa hiyo naomba mkutano ukubali kwamba katika kila mchango wa matanga, sehemu moja ya kumi iwekwe katika sanduku la wagonjwa. Wajane, na wazee wasio na mtoto wa kuwatunza, walipiwe kwanza, wawe wa kanisa hili au lile, wanachama au wasio wanachama. Majina yao yasisomwe hadharani, maana wako wanaoona heri kufa kimya kuliko kutangazwa kuwa maskini.

Najua neno la wasio wanachama litaleta ubishi. Ndugu mmoja ameniuliza tayari kwa nini fedha zetu zimfae asiyetoa hata senti moja. Namjibu mbele yenu kwamba Msamaria hakuuliza kadi.

Bwana Mwenyekiti, naomba jambo hili lipigiwe kura kabla ya chakula, kwa sababu baada ya chakula wajumbe wa Malava na Butere huwahi magari.