Hotuba ya Katibu juu ya Kompyuta za Chama Kikuu



Wengi wenu mmeuliza kwa nini, katika mwaka huu wa kumi wa Chama chetu, twazigusa kompyuta ambazo bado zafanya kazi. Swali hilo ni la haki.

Kila kompyuta ina mfumo endeshi, yaani programu kuu ambayo programu nyingine zote huitegemea. Mfumo tulio nao, Windows 10, ulikoma kupata matunzo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine hazikufa siku ile, lakini nyufa zinazoonekana sasa hazizibwi kama zamani. Na ndani ya mashine hizo zimo kilo za buni za kila mmoja wenu. Kwa hiyo Halmashauri imechagua Debian, mfumo ulioanzishwa mwaka 1993, nao hauuzwi.

Karani angeweza kuzunguka na kidude cha programu mashine hata mashine, akijibu maswali yale yale mpaka achoke na kukosea. Sisi tutatumia waya wa ofisi, kwa utaratibu uitwao PXE, ambao toleo lake la 2.1 lilitolewa na Intel mwaka 1999. Mashine ikiwashwa, kadi yake ya mtandao hupiga mbiu wayani kutafuta wa kuipokea. Seva huijibu kwa DHCP: huipa anwani na kuitajia faili ya kuanzia. Faili hiyo huletwa kwa TFTP, ambayo isipoambiwa vinginevyo hupeleka baiti 512 tu kwa mara moja, ikangoja kuitikiwa. Ni kama mpagazi asiyeshusha gunia la pili mpaka apewe stakabadhi ya la kwanza. Kisha huja programu ya kusimika mfumo, pamoja na faili ya majibu, preseed, iliyoandikwa mara moja kwa mashine zote.

Waya mmoja haufai kuzidi meta 100. Basi mashine za ghala la bondeni zitaletwa huku.

Sasa lililo zito. Faili ya majibu ikiandikwa kwamba diski ifutwe bila kuuliza, itafutwa, hata ikiwa ni ile ya mizani yenye hesabu ya msimu mzima. Tena TFTP haidai neno la siri, na mtu akichomeka seva yake katika waya wetu aweza kuijibu mashine kabla yetu. Kwa hiyo naomba mkutano huu ukubali kwamba kazi ifanywe baada ya ununuzi kufungwa, mlango wa ofisi ukiwa na funguo. Hesabu zinakiliwe katika diski mbili, moja akae nayo Mtunza Hazina mbali na ofisi. Na mashine ya mizani iwe ya mwisho kabisa.

Kabla ya hapo, kila mwanachama alete kitabu chake cha mauzo kilinganishwe na hesabu iliyochapwa. Aliyepoteza kitabu na amwone karani wa chama chake cha msingi.