Mwanachuo Asiachwe Peke Yake Darasani

Msikilizaji, kila mwaka vyuo vikuu na vyuo vya ualimu nchini Tanzania huwatawanya wanachuo mashuleni kwa mazoezi ya kufundisha, yale ambayo wenyewe wamezoea kuyaita BTP. Mkuu wa shule huwapokea kwa furaha, hasa wakiwa wa hisabati au sayansi, maana walimu wa masomo hayo ni haba. Asubuhi ya kwanza mwanachuo anakabidhiwa ratiba, kitabu cha kiada na chaki. Mwalimu mwenye somo anashukuru, anageukia lundo la daftari linalosubiri kusahihishwa. Kijana anaingia darasani peke yake, na peke yake atabaki mpaka mazoezi yaishe.

Simlaumu mwalimu yule. Mwenye darasa la watoto mia na ushee, akiletewa msaidizi, ni haki yake kupumua. Lakini hapo ndipo tunapowapoteza walimu wetu wa kesho.

Chukua kipindi cha hisabati, darasa la tano. Somo ni kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Mwanachuo ana andalio safi la somo: malengo, zana, hatua, tathmini, vyote vimo. Anaeleza, anaandika ubaoni, kisha anauliza, "Tumeelewa?" Darasa zima linaitika, "Ndiyo, mwalimu!" Naye anasonga mbele. Laiti angekuwepo mzoefu amekaa nyuma! Angeona kwamba walioitika kwanza ni wachache na wengine wamefuata mkumbo. Angeona daftari za upande wa dirishani, ambako nusu jumlisha theluthi imekuwa mbili ya tano, kwa kuwa watoto wamejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Kipindi kikiisha angemvuta kijana pembeni: "Kesho, mwanangu, usiwaulize kama wameelewa. Wape swali moja, pita kati ya madawati, soma daftari tano, ndipo uamue kuendelea." Kijana akiambiwa hivyo siku ile ile, kosa likiwa bado bichi, atalikumbuka kuliko mihadhara ya muhula mzima.

Mkufunzi wa chuo naye huja, ni kweli. Lakini ana shule nyingi za kuzungukia. Anakaa kipindi kimoja, anajaza fomu, anaondoka. Wanachuo wanaijua siku hiyo, na chati nzuri kuliko zote hutundikwa siku hiyo. Amekuja kutoa alama; kumlea kijana hakumo katika safari yake.

Tumewahi kubanwa na uhaba wa walimu zaidi ya hivi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977, na vyuo havikuweza kutoa walimu wa kutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa wafunzwe huko huko vijijini: wakifundisha madarasa ya chini, wakijisomea kwa posta na kwa redio, redio kama hii unayoisikiliza. Watu waliwabeza, wakawaita walimu wa UPE, yaani wa Elimu ya Msingi kwa Wote, na kweli ujuzi wao wa masomo ulikuwa mdogo. Ila mpango ule ulikuwa na jambo moja jema: darasa na mafunzo vilikwenda pamoja. Aliyekwama alikwama akiwa bado anafunzwa. Baadaye, shule za kata zilipochipuka kwa kasi chini ya MMES, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004, wahitimu wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache wakapelekwa kufundisha. Mitaani wakaitwa "voda fasta". Taifa lilikuwa na haraka, na gharama yake wakaibeba watoto.

Leo haraka hiyo hatuna. Wahitimu wengi wa ualimu wako nyumbani wakisubiri ajira, kwa hiyo tuna nafasi ya kuwafunza kwa utulivu wale wanaokuja. Daktari akihitimu hukaa mwaka mzima hospitalini chini ya uangalizi wa waliomtangulia. Kwa nini anayekabidhiwa akili za watoto apate fomu na sahihi tu?

Naomba Wizara ya Elimu ianze na mwalimu mlezi: mwalimu wa somo apunguziwe vipindi vingine ili aketi darasani na mwanachuo, alipwe posho kwa kazi hiyo, na neno lake lihesabiwe kwenye alama. Chini ya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, walimu hukutana shuleni kujadili ufundishaji wao. Mwanachuo naye aitwe kwenye vikao hivyo tangu wiki ya kwanza. Na zile shule za mazoezi zilizojengwa jirani na vyuo zirudishiwe kazi yake. Wakufunzi wenyewe washike chaki humo kila wiki, mbele ya watoto wa darasa la pili, wanachuo wakiwa wamekaa nyuma wakiwatazama, hata siku ambayo somo limemgomea mkufunzi.